Shanga nzuri, lakini ni mbegu gani?

Dada mmoja wa hapa Nyakabere anatunga bangili za mbegu. Kazi yake inanipendeza: rangi zinapatana, mafundo hayalegei. Lakini mi nilisoma agronomia, siwezi kunyamaza. Ile mbegu nyekundu yenye jicho jeusi ni Abrus precatorius, iko na sumu kali, abrini. Ganda likiwa zima, linaizuia. Likishatobolewa ili uzi upite, mtoto akiitafuna anaweza kufa. Kuna Coix lacryma-jobi, ya kijivu, ngumu, iko na tundu lake la asili. Kuna pia udongo: Kazuri ya Nairobi inafinyanga shanga zake tangu 1975. Dada, endelea kutunga, ila nyekundu uiache. Bangili ya kwanza nitanunua mimi.