Timazi ya Fundi wa Kisauni

Mwashi wa Kisauni leo yuko msikitini, kesho nyumba ya kupangisha, timazi ni ile ile. Msikitini huanza na kibla: ukiwa Mombasa, Makka iko karibu kaskazini kabisa, na mihrabu ikipinda, safu zote zimepinda.

Nyumba ndiyo ngumu zaidi. Wengi mtaani wana nyumba bila ardhi. Kiwanja hukilipia kodi, hivyo huogopa kuzika pesa nyingi ukutani. Fundi huwapangia vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, mwenyewe akae kimoja, vingine apangishe. Hufunga fito kwenye boriti za mikoko, akakandika udongo kwa viganja, akaacha upenyo chini ya paa joto litoke. Masika yakimega ukuta, huitwa yeye tena.