Mkono wa Fundi Kwenye Ukuta wa Serikali

Makumbusho ya Meru yamo ndani ya nyumba ya mawe inayohesabiwa kuwa kongwe kuliko zote mjini humo. Ilijengwa Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, iwe ofisi ya mkuu wa wilaya (DC), na ikafunguliwa kwa umma kama makumbusho mwaka 1974. Enzi za ukoloni, DC hakukaa ofisini kwa ajili ya kodi na barua tu. Alikuwa hakimu pia, na mashtaka yalifika mezani pake. Anayetafuta mahakama ya kale ya Meru hana budi kuanzia kwenye jengo la namna hii.

Vitabu vinamkumbuka afisa wa kikoloni Edward Butler Horne, aliyekuja kuweka boma Meru mwaka 1908 na kupewa na wenyeji jina la Kangangi. Mafundi wa mawe wa zama hizo hawakuandikwa. Hata hivyo kazi ya fundi wa mawe husomeka, mradi ujue pa kutazama.

Anza na kona, kwa kuwa ndipo fundi mwenyewe anapoanzia. Huweka jiwe la kona, akalisawazisha kwa pima maji, akahakikisha wima wake kwa timazi, kisha akaenda kona ya pili na kuvuta uzi kati ya hizo mbili. Mawe ya katikati hufuata uzi. La kona halina la kufuata. Kwa hiyo mawe ya kona huchaguliwa makubwa, huchongwa kila upande unaoonekana, na hupangwa kwa zamu: hili urefu wake uelekee ukuta wa kulia, la juu yake uelekee wa kushoto. Hivyo kuta mbili hushikana zenyewe.

Baada ya kona, utazame uso wa jiwe. Miamba ya miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia Embu hadi Meru, ni ya volkano na haifanani tabia. Ipo inayorudisha nyundo, ipo yenye vitundu inayokubali tindo. Fundi huligonga jiwe na kutega sikio: likilia kwa sauti kali ni zima, likiguna lina ufa ndani. Akiridhika huchora mstari, hukata ukingo kwanza, halafu huushusha uso kidogo kidogo. Tindo huilaza mshazari, maana pigo la wima karibu na ukingo huumega, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Alama zilizolala upande mmoja, kwa nafasi zinazolingana, zinakuambia kwamba mkono haukuyumba tangu jiwe la kwanza hadi la mwisho.

Mwisho ni viungo. Kiungo cha wima hakiruhusiwi kukaa juu ya kiungo kingine. Kila jiwe hulalia mawili yaliyo chini yake, mzigo ukagawanyika. Kanuni hii ni rahisi kuitamka. Kuifuata kwa mawe yasiyolingana urefu ni jambo jingine, kwa kuwa fundi analazimika kufikiria safu mbili mbele kabla hajachota mota kwa mwiko.

Lakini kesi za Ameru, wenyeji wa Meru, hazikuungoja ukuta wa ofisi ya DC. Baraza la wazee, Njuri Ncheke, lilikuwa likiamua migogoro kwa mazungumzo hadi maafikiano. Sheria ya mwaka 1930 iliweka mabaraza ya wenyeji chini ya serikali, na H. E. Lambert, aliyekuwa DC wa Meru katika miaka hiyo, akaitambua Njuri katika utawala wake. Mwaka 1967 mahakama zote ndogo ziliunganishwa katika mfumo mmoja wa mahakimu, lakini wazee hawakutawanyika. Nyumba yao ipo Nchiru, Tigania, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro.

Tukirudi kwenye mawe, kuta za enzi za ukoloni hazitishwi sana na mvua. Zinatishwa na ukarabati wa haraka. Mkandarasi hukwangua chokaa ya zamani na kuziba viungo kwa saruji kali, kisha kila mtu akasifia usafi. Saruji hiyo ikiwa ngumu kuliko jiwe, maji hukosa njia ya kutokea kwenye viungo. Hutokea kwenye jiwe lenyewe, na uso uliochongwa kwa jasho ukabanduka magamba. Kiungo ndicho kinachopaswa kuchakaa, kwa sababu chokaa hurudishiwa na jiwe halirudi. Basi kaunti inapotenga pesa za kukarabati jengo la kale, kabla ya kuuliza bei na muda, imuulize mkandarasi ni nani atakayeshika tindo, na alijifunza kwa nani.