Picha Njema Isiyopigiwa Hodi



Ndugu msomaji, leo nakuomba tukae pamoja tutazame picha. Usishtuke. Najua katika majumba yetu wako wanaozitundika ukutani na wako wanaozifungia sandukuni, na kila mmoja anayo hoja yake. Lakini yuko kijana mmoja wa Tandika, niliyemsomesha Juzuu Amma akiwa mdogo, ambaye siku zote huuza mitumba sokoni, na Jumapili alfajiri akisha kusali hutoka na kamera yake. Hapigi kwa malipo. Harusi hazitaki, picha za pasipoti hazitaki. Apendalo ni kuzunguka tu, Temeke, Mtoni, Mbagala, mara nyingine akavuka hadi Kinondoni, akapiga anachokiona. Siku moja baada ya Alasiri alinijia barazani, akanipa shikamoo, akatoa bahasha yenye picha thelathini na kitu alizozisafisha kwa fedha yake. Akasema, "Maalim, nakuomba uzitazame unikosoe. Lakini usiniambie haramu tu ukaishia hapo."

Maneno yale yalinichekesha, tena yakanichoma kidogo, kwani ni kweli sisi walimu mara nyingi huishia hapo.

Hitilafu ya wanavyuoni juu ya picha za kamera inajulikana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuzihalalisha, akasema kuwa mwenye kamera haumbi kitu bali anakizuia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu ameshakiumba. Sheikh Abdul Aziz bin Baz wa Saudia yeye alizikataza ila penye haja. Kila upande una watu wake, na mimi sitaufungua mlango huo leo. Nitasema tu kwamba kamera si ngeni kwetu kama wengine wanavyodhani. Ibn al-Haytham, aliyekufa Misri yapata mwaka 1040, alichunguza jinsi mwanga unavyopenya tundu dogo na kuingia penye giza, na kila kamera iliyoko duniani ni chumba chenye giza na tundu. Na aliyepiga picha za mwanzo zinazojulikana za mji wa Madina, mwaka 1861, alikuwa Mwislamu, Muhammad Sadiq Bey, ofisa wa jeshi la Misri. Kwa hiyo kijana wetu ana wazee katika kazi hii, na mwenye wazee hukosolewa kwa adabu za wazee wake.

Basi tuzitazame.

Ya kwanza iliyonipendeza ni fundi cherehani kibarazani, mguu uko juu ya kikanyagio, uzi uko mdomoni, na mwanga wa asubuhi unamjia ubavuni kiasi cha kuonyesha mishipa ya mkono. Kijana ameufahamu mwanga. Anasema hupiga tangu jua linapochomoza mpaka saa tatu, kisha huifunga kamera mpaka baada ya Alasiri, kwa sababu jua la mchana wa Dar es Salaam humwangukia mtu utosini, macho yakawa mashimo meusi mawili. Ni kweli. Watu weusi tumedhulumiwa sana na kamera kwa jambo hili; hata filamu za rangi za zamani zilipimwa kwa nyuso za wazungu, na ndiyo maana katika picha nyingi za ujana wetu meno yanaonekana na uso hauonekani. Kijana huyu nyuso zetu anazijua. Ipo picha ya muuza kahawa ambayo ukiitazama unajua ngozi ile ni ya mtu wa makamo, imekaa sana karibu na mkaa.

Ziko mbovu pia. Picha sita za machweo pwani ya Kigamboni hazina jambo: jua limetua, mwenyezi wa kutua ni Mungu, na kijana hakuongeza kitu. Nilimwambia azichane, akacheka. Watoto wanaocheza mpira mchangani wangekuwa wazuri lau asingewakata miguu.

Lakini nilipozitazama mara ya pili nikaona jambo jingine. Bila ya kujua sababu nilikuwa nimezitenga mafungu mawili juu ya mkeka. Fungu moja watu wanamtazama. Fundi cherehani anamtazama, muuza kahawa anamtazama kama anayetaka kumuuliza habari za nyumbani. Hata asiyemtazama, unaona mwili wake unajua kuwa yuko mtu. Fungu la pili hakuna anayejua. Mama anajikuna. Mzee amesinzia kituoni, mdomo wazi. Msichana anarekebisha mtandio akidhani yuko peke yake.

Nikamwuliza, "Hizi na hizi zimetofautiana nini?" Akazitazama, akasema, "Hizo ni za lenzi fupi, Maalim. Na hizo ni za lenzi ndefu."

Hapo, msomaji wangu, ndipo nilipoelewa kuwa kuchagua chombo ni kuchagua tabia. Kamera yake ni Canon aliyoinunua mkononi mwa mtu, Kariakoo, pamoja na lenzi ya milimita 50. Lenzi hiyo haivuti. Ukitaka uso wa mtu ni lazima uende kwa miguu yako, na ukienda kwa miguu yako katika mitaa yetu huna budi kutoa salamu, na ukitoa salamu utaulizwa wewe mtoto wa nani. Mwaka mzima aliweka akiba, akanunua lenzi ya kufika milimita 300, ambayo huileta sura ya mtu aliye upande wa pili wa barabara ya Kilwa ikawa kama umekaa naye jamvi moja. Anaitunza kuliko viatu vyake: huiweka ndani ya kopo la plastiki pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na mabegi mapya, maana joto la pwani huotesha ukungu ndani ya vioo, na ukungu ukishaingia umeshaingia. Bidii yake naipa haki yake. Ila lenzi ile imemwondolea salamu.

Sasa nakuja kwenye picha aliyoiweka chini kabisa. Ni picha ya msibani. Mama mmoja amekaa ukumbini, khanga imeteremka begani, mkono mmoja umeshika sakafu kama anayeogopa nyumba isimwangushe, na uso wake, sitausimulia. Nyuma yake mlango umefunguka na mwanga umeingia kama ulivyopangwa. Niliitazama picha ile kwa muda mrefu. Nakiri, sijaona picha ya huzuni iliyo bora kuliko ile, na nimeona nyingi. Kisha nikamtambua yule mama. Anakaa mitaa miwili kutoka kwangu, na jeneza lililokuwa limetoka mlangoni mle lilikuwa la mwanawe.

Kijana aliipiga akiwa ng'ambo ya barabara, kwa lenzi ile. Akaiweka katika simu, wenziwe wakaisifu mamia kwa mamia. Mama hajui mpaka siku ile.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kutaka idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Lifikiri neno hili. Hatubishi hodi kwa kuwa mguu wetu utauchafua ukumbi wa watu. Twabisha kwa kuwa jicho litaona kisichoonyeshwa. Na Qur'ani katika Suratun Nuur imekataza kuingia nyumba isiyo yako mpaka utake idhini na uwatolee salamu wenyewe. Sasa aliyesimama barabarani na lenzi ya milimita 300, ameingia au hakuingia? Miguu yake iko nje. Jicho lake limekaa ukumbini, tena halikutoka, limebaki na ule ukumbi ndani ya simu za watu.

Wazee wetu hawakuichukia picha kiasi tunachodhani; walichukia kuchukuliwa. Nenda Unguja, Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Watu waliingia mle kwa miguu yao, wamevaa walichokichagua, wamekaa walivyotaka. Mpiga picha alikuwa fundi tu. Mwenye picha alikuwa yule aliyekaa kitini. Na leo katika harusi nyingi za pwani wanawake huwakusanya wenye simu mlangoni, na mpiga picha akiwa mwanamke. Huo si ushamba. Wanajua uso ni mali ya nani.

Kijana akanijibu, na jibu lake lilikuwa zito. Akasema, "Na Mohamed Amin je?"

Kwa asiyemjua: Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia hapa Dar es Salaam, na akiwa mtoto wa shule alinunua kamera kuukuu ya sanduku, Box Brownie, kwa shilingi 40. Kamera ile haikuwa na la kuchagua. Unaishika tumboni, unatazama kidirisha cha juu, jua lazima liwe nyuma yako. Kwa mapenzi kama ya kijana huyu, bila ya malipo, alianza hivyo. Mwaka 1963 akafungua hapa hapa mjini kazi yake ya Camerapix. Ni yeye aliyepiga picha za Hija zilizotoka kitabuni mwaka 1978. Na ni yeye aliyekwenda Korem, Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk, wakatoa picha za njaa zilizoonyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, dunia ikashtuka, vyakula na fedha vikamiminika. Mwaka 1991 alipoteza mkono Addis Ababa ghala la silaha lilipolipuka, akarudi kazini na mkono wa bandia. Akafa mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa ikaangukia baharini karibu na Ngazija.

"Wale wa Korem," kijana akasema, "nani aliwabishia hodi?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya kwako kuwa nilikuwa nalo. Mtu anayekufa kwa njaa hakai akatoa idhini. Nilichomwambia ni hiki: tabibu huonyeshwa uchi wa mgonjwa kwa dharura, na dharura hupimwa kwa kadiri yake, haivuki. Watu wa Korem walikuwa wakifa kwa sababu hawakuonekana. Kuonekana ndiyo ilikuwa dawa yao. Mama wa mtaani kwetu hakuwa na haja ya kuonekana na mtu. Haja ilikuwa ya kijana, nayo ilikuwa kusifiwa. Hata hivyo naona mpaka baina ya hayo mawili ni mwembamba, na wako walioiga Korem kwa miaka 40 wakaigeuza njaa ya watu kuwa biashara ya picha.

Nikamwambia achukue picha ile, aende kwa yule mama, abishe hodi, aseme yote.

Alikwenda. Alirudi baada ya siku tatu, na akanieleza kuwa mama aliishika picha akaitazama mpaka chai aliyokaribishwa ikapoa. Kisha akauliza kama anayo ya marehemu, ya siku yoyote, hata ya kwa mbali. Hakuwa nayo. Mama akasema, "Basi hii sitaki iwepo, mwanangu." Akaichana mbele yake, na kijana akaifuta kwenye simu na kwenye kamera, mama akimtazama vidole. Zilizokwisha kuenea kwa wenziwe amezifuata moja moja. Baadhi wamefuta, baadhi wamemcheka.

Lenzi ndefu hajaiuza. Anasema inafaa kwa ndege wa mikokoni, na hao sina hoja nao. Ama ile picha, nisikufiche ndugu msomaji, niliisikitikia. Mama alikuwa na haki, na picha ilikuwa njema, na hata leo nikipita mlango ule naikumbuka, nikateremsha macho.