Mtaimbo Kwanza, Koja Baadaye

Kwenye lango kuu la hekalu la Venkateshwara huko Tirumala, kusini mwa India, umetundikwa mtaimbo wa chuma, upande wa kulia wa anayeingia. Ni chombo cha kuchimbia, kizito, kisicho na nakshi. Kwa mapokeo ya Wahindu wa madhehebu ya Vishnu, mwenyewe alikuwa Anantalvan, mtu aliyemaliza umri wake akilitungia hekalu hilo makoja ya maua. Kwa kazi yake hiyo, ungedhani kingehifadhiwa kikapu chake au uzi wake. Wao wamehifadhi mtaimbo, na naona walichagua sawasawa. Huduma yake ya maua ilidumu kwa kuwa aliianza kwa kuchimba bwawa, na sisi wa Same, huku Upare, tunaoishi chini ya milima yenye ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya mashamba, tunaweza kuuelewa ufundi huo kuliko wengi wanaopita pale langoni kila siku.

Kisa chenyewe ni hiki. Anantalvan alitoka katika nchi ambayo leo ni jimbo la Karnataka, akawa mwanafunzi wa Ramanuja, mwalimu mkubwa ambaye mapokeo yanasema aliishi kati ya mwaka 1017 na 1137. Siku moja Ramanuja alikuwa Srirangam akiwafundisha wanafunzi wake beti za mshairi Nammalvar zinazotaja maua ya Tirumala. Akauliza ni nani atakayekubali kwenda kukaa juu ya mlima ule amtumikie Mungu kwa maua siku zote. Tirumala ya wakati huo ilikuwa msitu: baridi, wanyama wakali, watu wachache. Tena kwenda huko kulikuwa kuagana na mwalimu waliyempenda. Wanafunzi wakanyamaza. Akasimama Anantalvan, akaondoka na mkewe, ambaye alikuwa mjamzito.

Sasa tuitazame hesabu iliyomkabili. Koja la asumini haliwezi kungoja. Likishatungwa, kesho yake limesinyaa na petali zinapukutika. Hekalu nalo halina siku ya mapumziko. Kwa vipimo vinavyotumika Tirumala leo, koja liitwalo Shikhamani, linalopita juu ya taji na kushuka mabegani, lina urefu wa dhiraa 8. Yale mawili yaitwayo Saligramala yana dhiraa 4 kila moja. Hizo ni dhiraa 16, na bado kuna makoja ya shingoni, kifuani, mikononi na miguuni. Fundi anayefunga maua manne kwa fundo moja, na kuacha nafasi ya sentimita moja na nusu hivi, atahitaji kama maua 120 kwa dhiraa. Kwa dhiraa 16 ni maua karibu 1,900, na kwa mwaka mzima yanafika kama laki saba, kwa makoja hayo matatu tu, yakiwa ya mstari mmoja mwembamba. Zama za Anantalvan vipimo huenda vilikuwa vidogo zaidi. Lakini hata ukigawa hesabu hiyo kwa kumi, unabaki na maua elfu sabini yanayotakiwa kuchanua kwa zamu, siku baada ya siku, juu ya mlima wenye msitu na usio na soko.

Ugumu wenyewe upo hapo. Mvua za kule hunyesha kwa misimu, nyingi kati ya katikati ya mwaka na Desemba, kisha inakuja miezi ya ukavu hadi Mei. Asumini nayo huchanua kwa wingi joto linapopanda, kuanzia Machi. Kwa hiyo maua bora yanatoka wakati maji yamepungua kabisa. Mtu mwenye moyo safi asiye na maji angehudumu kwa miezi michache ya mvua, kisha angekaa akiomba radhi mbele ya miche iliyokauka. Anantalvan aliliona jambo hilo mapema. Kabla ya kuzoea uzi na fundo, alishika mtaimbo, akachimba bwawa la kuzuia maji, na chini yake akalima bustani aliyoipa jina la mwalimu wake.

Wasomaji wa Bangalala, Mwembe na Makanya hawahitaji kufundishwa maana ya hilo. Mto Vudee ukipungua, maji yake hayatoshi kufika shambani yenyewe. Ukiyaelekeza moja kwa moja kwenye mfereji, yananyweka njiani na mtu wa mwisho anapata matope tu. Wazee wetu wakajenga ndiva. Usiku kucha kijito kinamwaga ndani yake, asubuhi mlango unafunguliwa, na maji yaliyokusanyika yanatoka kwa pamoja yakiwa na nguvu ya kufika mbali, kila mtu kwa zamu yake. Ndiva huhifadhi maji ya usiku mmoja kwa ajili ya mchana mmoja. Bwawa la Tirumala lilitakiwa kuhifadhi maji ya msimu kwa ajili ya msimu mwingine, na kwa hiyo lilihitaji kina zaidi na ukingo mnene zaidi, yaani udongo mwingi zaidi wa kuchimbwa na kubebwa na watu wawili tu.

Naam, wawili. Yeye alichimba, mkewe akabeba udongo kichwani na kwenda kuumwaga, naye ana mimba. Masimulizi yanaeleza kwamba akatokea kijana mdogo, akaomba kusaidia. Anantalvan akakataa; alitaka huduma iwe yake na ya nyumba yake. Kijana akamwonea huruma mama yule, akawa anampokea udongo njiani bila mume kujua. Anantalvan akashangaa kuona mkewe anarudi upesi kuliko kawaida. Alipogundua sababu, akaghadhibika na kumtupia kijana mtaimbo. Ukampata kidevuni. Kijana akakimbia huku damu inatoka, na hekaluni makuhani wakakuta kidevu cha sanamu kinavuja damu. Jeraha likapakwa kafuri, na hadi leo sanamu ile hupakwa kafuri kidevuni.

Wengi husimulia kisa hiki kama muujiza na kuishia hapo. Mimi naheshimu zaidi ukweli wake kuhusu kazi. Hakifichi kwamba mja huyu mnyenyekevu alikuwa na ukali, na kwamba aliitetea huduma yake hadi akamkatalia msaada mtu aliyeuhitaji kuliko yeye. Nusu ya bwawa lile ni jasho la mwanamke mjamzito, na katika kisa hiki Mungu mwenyewe alikuja kumsaidia mama, si mume. Anayemsifu Anantalvan bila kumtaja mkewe hajakisikiliza kisa.

Maji yakipatikana, kinachofuata ni saa. Tirumala ya leo huamsha hekalu kwa nyimbo kunako saa tisa usiku, na uvishaji wa makoja hufuata muda mfupi baadaye, alfajiri haijaingia. Ua lililochanua jana mchana halifai saa hiyo. Asumini huchumwa ikiwa bado tumba lililofumba, jeupe, lililojaa. Hufunguka usiku, nayo harufu hutoka wakati huo. Mtungaji hodari huchuma matumba, huyatunga yakiwa yamefumba, na koja huchanua likiwa limeshavikwa. Akikosea kwa saa chache, atavisha matumba yasiyofunguka au maua yaliyoanza kulegea. Akina mama wa Unguja na Lamu wanaotunga makoja na vikuba vya asumini kwa ajili ya harusi wanaujua ukali wa saa hiyo, maana bibi harusi naye hangojwi na ua.

Kuhusu aina za maua, picha tulizonazo vichwani zinatudanganya kidogo. Tukisikia koja la Kihindu tunaona ile rangi ya manjano na chungwa ya bangi mwitu wa bustanini, ua la mviringo linalovumilia safari. Asili ya ua hilo ni Mexico na Amerika ya Kati, na lilifika India baada ya Wareno kufungua njia ya bahari mwaka 1498. Anantalvan hakuwa nalo. Alikuwa na asumini, champaka, yungiyungi na majani ya tulasi, mmea wa ukoo mmoja na kivumbasi chetu kinachoota kando ya njia. Yaani alifanya kazi na maua laini, yasiyosamehe uzembe, pamoja na jani moja gumu lenye harufu, lililoweza kubeba koja siku ambazo maua yalikuwa haba. Kwa macho ya fundi, tulasi ndiyo akiba ya bustani nzima.

Kufunga kwenyewe, kusini mwa India, hufanywa bila sindano. Uzi ni utepe wa ganda la mgomba uliokaushwa, ukachanwa mwembamba, kisha ukaloweshwa kabla ya kazi. Matumba mawili huwekwa yakitazama upande mmoja, mawili yakitazama upande wa pili, utepe huzungushwa shingoni mwake, kitanzi hupitishwa kwa kidole na kuvutwa taratibu kwa gumba. Utepe wa mgomba haukati kikonyo kama uzi wa pamba uliokazwa, nao ukiwa na unyevu huendelea kuliburudisha ua. Huku kwetu malighafi hiyo imejaa kuanzia Mbaga hadi Mamba. Tumeizoea kama kamba ya kufungia mizigo. Wahindu wengi wa Tanzania, ambao asili yao ni Gujarati na Kachchh, hutunga kwa sindano na uzi, ua likichomwa katikati. Njia hiyo ni ya haraka na inafaa maua magumu. Kwa asumini inayotakiwa kulala usiku kucha na kuamka imenyooka, fundo la mgomba linashinda.

Ipo pia kanuni ya heshima, nayo ina sura ya kifundi. Anayetunga hanusi ua, na juu ya mlima wa Tirumala hakuna anayejipamba kwa maua, kwani yote ni ya Mungu. Sheria kama hiyo huziba mianya yote ya kupunguza mavuno. Wanaoshangaa ukali wake wamkumbuke Andal wa Srivilliputhur, binti aliyejaribu kila koja shingoni mwake kabla baba yake, Periyalvar, hajalipeleka hekaluni. Baba alipogundua alihuzunika, akatunga jingine. Mapokeo yanasema Mungu alilitaka lile lililovaliwa. Hadi leo koja la Andal hutumwa Tirumala kutoka Srivilliputhur kila mwaka kwa sikukuu kubwa ya Brahmotsavam.

Kisa kingine cha Anantalvan kinaonyesha alivyoipa kazi kipaumbele. Aliitwa na Mungu hekaluni akiwa katikati ya kutunga, hakuinuka mpaka alipomaliza. Alipoulizwa, alieleza kwamba amewekwa pale kwa ajili ya maua, na maua yalikuwa yanataka kufunguka. Asiyewahi kushika tumba la asumini lililoanza kuachia ataona kiburi. Aliyewahi atajua kwamba angeinuka, angerudi na kukuta kazi ya usiku mzima imeharibika.

Makoja yakivuliwa, hekalu la Tirumala haliyagawi wala haliyatupi jalalani. Kwa desturi hutiwa katika kisima maalumu kilichomo ndani ya kuta zake. Mamlaka inayoliendesha hekalu hilo, Tirumala Tirupati Devasthanams, tangu 2021 imekuwa ikitengeneza udi wa vijiti kutokana na maua yaliyotumika katika mahekalu yake. Hivyo mzunguko ulioanza kwenye bwawa unafungwa.

Upare nao una historia ya kulinda maji kwa ajili ya jambo takatifu. Misitu ya mpungi na mshitu iliachwa bila kukatwa kwa sababu ya tambiko na jando, na chemchemi zikapona ndani yake. Dini zimebadilika, makanisa na misikiti imejaa kuanzia Suji hadi Gonja, na madhabahu nyingi siku hizi zimepambwa kwa maua ya plastiki yenye vumbi. Sioni sababu ya plastiki hiyo mahali penye maji ya milimani, migomba na mikono ya akina mama wanaojua kusuka.

Ombi langu ni kwa kamati za ndiva. Kabla vuli haijaanza mwezi Oktoba, pangeni siku za kuzoa tope, maana ndiva iliyojaa mchanga haishiki maji ya usiku. Waiteni vijana wa kwaya na wa madrasa washike majembe pamoja nanyi. Kisha tengeni tuta moja tu chini ya mfereji, mpande asumini, na mnyweshe kwa zamu kama mnavyonywesha mahindi.