Raki ya Matangi ya Samaki Ikaguliwe Kabla ya Rangi

Mfugaji wa samaki wa mapambo haishii tangi moja. Leo ana gapi wachache sebuleni. Baada ya muda majike wamezaa na vifaranga wanatakiwa kutengwa wasiliwe. Akiongeza Tropheus wa Ziwa Tanganyika, dume mmoja mkorofi atawabana wenzake wote kona moja, naye atafutiwe pake. Matangi yanafika manne, matano, na chumba ni kilekile. Hapo ndipo raki inapohitajika, na wengi huinunua kwa macho.

Tuanze na uzito. Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45 huchukua karibu lita 240, na kila lita ya maji ni kilo moja. Kioo cha milimita 8 huongeza kilo 40 hivi. Tia changarawe na mawe, umefika kilo 320. Panga matatu ya aina hiyo juu kwa juu: takriban tani moja, kwenye nafasi isiyofika mita moja ya mraba, usiku na mchana. Shelfu ya vitabu haikuundwa kwa kazi hiyo. Zile za dukani zinazopachikwa bila boliti nazo zina kasoro yake: kilo zilizoandikwa kwenye boksi ni za mzigo uliotandazwa sawasawa na usio na maji. Ubao wake ukiwa chipbodi, utafura na kumeguka siku ya kwanza utakapomwaga ndoo.

Kipimo changu kikuu ni hiki: uzito ukalie kitu, usining'inie. Fuata kwa kidole njia ya mzigo kutoka chini ya tangi hadi sakafuni. Kwenye raki ya mbao, boriti ikalie kichwa cha mguu, au ikalie kipande cha ubao kilichogongewa mguuni chini yake na kushuka hadi sakafuni. Ukikuta boriti imebandikwa ubavuni mwa mguu na inashikwa na skrubu mbili tu, basi umenunua skrubu mbili. Zaidi ya hapo, mbao iwe kavu. Paina mbichi inayouzwa kandokando ya barabara hujipinda inapokauka, na raki iliyonyooka mwezi huu inaweza kupinda mwezi ujao. Mninga na mkongo huvumilia unyevu vizuri, ila bei yake itakufanya ufikirie chuma.

Kwenye chuma boriti za katikati hushikwa na mshono wa kuchomelea, kwa hiyo mshono ndio wa kukaguliwa kwanza. Mafundi wengi wa mitaani ni hodari wa mageti na magrili, na kazi hizo hazibebi mzigo mkubwa. Mkono umezoea kupiga nukta mbili tatu, kupitisha grainda hadi pawe laini, kuziba mashimo kwa puti, kisha rangi. Kwa grili inatosha. Kwa raki ya matangi ni hatari, na cha kusikitisha ni kwamba kazi mbaya ya namna hiyo ndiyo inayopendeza zaidi macho. Mshono wa kuaminika huzunguka ungio lote, una mawimbi madogo yanayofuatana, na umeyeyuka pamoja na pande zote mbili badala ya kukaa juu kama nta. Gonga magamba yatoke uone kilicho chini: vitundu vidogovidogo au mfereji uliochimbika pembeni ni dalili ya haraka au umeme usiorekebishwa. Mwambie fundi asisage mishono inayobeba boriti. Kuisaga ni kuondoa chuma ulichokilipia.

Unene wa bomba nao una ujanja wake. Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40 huuzwa kwa majina ya unene yasiyolingana na ukweli kila mara. Kama huna kalipa, tumia mizani. Bomba la mita 6 lenye unene wa milimita 2 huwa na kilo 14 hivi, la 1.5 lina karibu 11, la 1.2 halifiki 9. Mizani ya duka la vyuma itakuambia kabla ya maneno ya muuzaji. Mimi sishuki chini ya milimita 2 kwa matangi makubwa, si kwa sababu bomba jembamba litakatika, bali kwa sababu moto wa kuchomelea hulitoboa, na fundi anayeogopa kutoboa huchomelea juujuu.

Namna ya kulaza bomba ina maana kuliko wengi wanavyodhani. Bomba la 25 kwa 50 likisimamishwa kwa upana wake hustahimili kunepa takriban mara tatu kuliko likilazwa, na bei ni ileile. Na urefu ni adui: ukiongeza umbali kati ya miguu mara mbili, huku kila mita ikibeba mzigo uleule, mnepo huongezeka mara 16. Raki ya mita mbili na nusu isiyo na mguu wa katikati ni ya kukataa hata ikiwa nene.

Raki nyingi hazianguki kwa kushuka, huanguka kwa kulala ubavu. Isukume ikiwa tupu, kwenye kona ya juu, kwa urefu wake kisha kwa upana. Ikicheza hata kidogo, dai chuma cha mshazari mgongoni na ubavuni. Mbele hapawekwi, maana ndipo mikono hupita.

Kuna jambo la kioo pia. Raki inaweza kuwa na nguvu ya kubeba gari na bado ikapasua tangi, kwa sababu kona moja imeinuka milimita chache. Pimamaji peke yake haitoshi kuona msokoto. Kaza nyuzi mbili kutoka kona hadi kona: zinapokutana katikati zigusane kidogo tu. Zikiachana, au moja ikiisukuma nyingine, ngazi hiyo imejisokota. Tangi lisilo na fremu ya plastiki liwekewe ubao ulionyooka na povu jembamba chini. Lenye fremu hukalia kingo zake, halihitaji povu.

Acha nafasi ya sentimita 30 au zaidi juu ya kila tangi, la sivyo utashindwa kuingiza kimia. Miguu iwe na pleti za sentimita 10 kwa 10, kwani mguu mtupu wa bomba hupasua vigae. Kwenye ghorofa, ulizia mhandisi kabla ya kununua chochote.

Kwa wa Pwani, kutu huanzia ndani ya bomba. Ncha zote zizibwe, chuma kipigwe msasa, kipakwe rangi ya kuzuia kutu kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Lakini rangi ije baada yako. Kubaliana na fundi mapema kwamba utaiona raki ikiwa uchi. Akikataa, tafuta mwingine.

Ikishafika nyumbani, jaza tangi la chini kwanza, kisha la katikati, kisha la juu, bila samaki. Pima tena kesho yake. Kama usawa umehama, punguza maji na umwite fundi. Sehemu ya mwisho ya malipo yake isubiri hadi hapo.