Pengo la beki lihamishiwe wapi?

Tarehe 10 Agosti 2025 Kenya iliifunga Morocco 1-0 kwenye uwanja wa Kasarani katika michuano ya CHAN, na kipindi cha pili chote ilicheza ikiwa pungufu. Ryan Ogam alifunga dakika ya 42, kisha kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akalimwa kadi nyekundu. Siku tatu nyuma, dhidi ya Angola, Marvin Nabwani alitolewa dakika ya 21 ubao ukisoma 1-1, na ukabaki hivyo hadi kipenga cha mwisho. Ukijumlisha, vijana wa kocha Benni McCarthy walicheza zaidi ya dakika 110 wakiwa 10 bila kuruhusu bao. Na Morocco hao hao ndio waliobeba kombe mwisho wa mwezi.

Mechi hizo ni somo kwa makocha wa Kibimba na kata nyingine za Ngara na Biharamulo. Timu inayoingia uwanjani na beki namba tatu mzito, na benchi halina wa kumpokea, nayo iko pungufu tangu dakika ya kwanza. Pengo lake haliwezi kuzibwa. Linaweza kuhamishwa, na kazi ya kocha ni kuchagua liende wapi.

Tufanye hesabu. Upana wa kawaida wa uwanja wa mashindano makubwa ni mita 68. Mabeki wanne wakijaribu kuulinda wote, kila mmoja anabeba mita 17, na beki mzito ataachwa hapo kila mara. Wakisogea pamoja kuelekea uliko mpira, wanalinda kama mita 40 tu, yaani mita 10 kila mmoja. Anayebaki huru ni winga wa upande wa pili. Mwacheni. Mpira wa kumfikia moja kwa moja lazima upigwe juu, na ukiwa hewani mstari mzima unapata muda wa kuhamia kwake. Kwenye viwanja vyetu vyenye mabonde, kuutuliza nako kunamchelewesha.

Baada ya hapo, rudisheni mstari karibu na boksi la kumi na nane. Beki asiye na kasi huuawa na nafasi iliyo nyuma yake, kwa hiyo mnyime adui nafasi hiyo. Gharama yake ni krosi na mashuti ya mbali, ndiyo maana viungo wawili wasimame mbele kidogo ya mabeki wa kati kuokota mipira ya pili. Winga wa upande wa namba tatu ashuke kumsaidia kila mpira unapopotea. Namba tatu mwenyewe apewe agizo moja: asirukie mpira. Amsukumie winga pembeni, kwenye chaki, amcheleweshe hadi msaada ufike.

Kosa ninaloliona sana, na linaniuma kwa sababu linawaumiza vijana, ni kumtoa beki bora katikati akazibe pembeni. Pengo linahamia mbele ya goli. Kosa la pili ni kukaba mtu kwa mtu: hapo mpinzani ndiye anayechagua nani apambane na beki wako dhaifu, na atampelekea mkimbiaji wake mkali kuliko wote.

Kuna bei nyingine, na kocha aikubali mapema. Mkicheza hivi mnabaki na mshambuliaji mmoja mbele, mnaachia mpira, mnateseka. Dhidi ya Morocco, Kenya ilikuwa na bao la kulinda. Ukiwa nyuma 1-0, mpango huu haukusaidii sana, hivyo dakika 20 za mwanzo zina uzito kuliko zote.

Mazoezi yake hayahitaji vifaa. Chukua kamba, wafunge mabeki wanne viunoni wakiachana mita 8 hadi 10, kisha tembeza mpira taratibu kutoka pembeni hadi pembeni. Anayechelewa anavutwa, naye anayewahi anamvuta mwenzake, na namba tatu anajua mwilini mwake lini aanze kusogea. Wakishazoea, ongeza kasi ya mpira, kisha fungua kamba.