Kizibo cha Mtaro

Wapitao kwetu Myanga husifu nyasi za mzee jirani yangu, maana hata Januari, vilima vyote vikiwa vimekauka, ng'ombe wake bado wanakula majani mabichi. Mimi nasifu kizibo.

Bonde zinamoota nyasi hizo lilikuwa kinamasi cha mafunjo. Wenzake walichimba mitaro, wakakausha, wakapanda mahindi, na misimu ya kwanza magunia yalijaa. Udongo ulikuwa mweusi, wenye nyuzinyuzi: mabaki ya majani yaliyozama majini miaka na miaka bila kuoza, kwa kuwa hewa haikuyafikia. Ukitoa maji, hewa inaingia na vijidudu vinaanza karamu. Mboji inaliwa, inapotelea angani ikiwa hewa ya kaboni, na ardhi yenyewe inabonyea. Kule Holme Fen, Uingereza, katikati ya karne ya 19 walizika nguzo ya chuma mpaka kichwa chake kikalingana na ardhi, kisha bonde likakaushwa. Leo nguzo imechomoza kama mita 4.

Mzee hana habari na nguzo hiyo. Kipimo chake cha maji ni mkono. Huchimba kishimo chembamba, huuingiza, na maji yakilowesha vidole kabla kiwiko hakijazama, anaridhika. Yakiwa chini zaidi, hukata bonge la udongo pamoja na mizizi yake, akalishindilia kwenye mtaro wake kwa kisigino liwe kizibo, nyasi zikitazama juu. Kesho yake anapima tena. Mvua ya Aprili ikizidi, huondoa bonge moja, akangoja, ndipo la pili.

Kukata nyasi nako kuna adabu yake. Panga hupita kiganja kimoja juu ya ardhi ili shina lichipue upesi. Jembe haliingii humo kabisa. Mizizi hufa na kuota papo hapo, ikaulisha udongo. Samadi hurudishwa kiangazi, ardhi ikiweza kubeba toroli.

Nisimpambe kupita kiasi. Bonde lenye mtaro, hata wa kuzibwa, hupoteza mboji kidogo kidogo. Kinamasi hasa ni kile cha Saiwa, karibu na Kitale, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasini. Lakini nzohe hakamuliwi.

Shamba lake na lile la mahindi lililo jirani yalianza yakiwa sawa. Sasa ukivuka mpaka kutoka kwenye nyasi, unashuka shubiri nzima.